Gia Zikikataa: Ni Klachi au ni Giaboksi?

Mpenzi msomaji, najua wengi wenu mkilifungua gazeti hili la chama chetu mwatarajia mashairi, insha na vitendawili. Mwaka huu mwalimu mlezi alituomba kila mmoja alete somo, yaani jambo ambalo mtu amejifunza nje ya darasa na ambalo aweza kuwafunza wenzake kwa Kiswahili bila kukimbilia Kiingereza kila akwamapo. Mimi kutunga shairi sijui, nakiri. Lakini likizo ya Agosti nilikaa kwa mjomba wangu kule Ukunda, ambaye ni fundi wa magari, na gereji yake ni mwembe mmoja mkubwa na mabati manne. Huko nilijifunza jambo moja vizuri, na jingine nikajifunza vibaya. Nitayaeleza yote mawili.

Gari lililonifunza ni Datsun 240Z la mwaka 1972. Labda umeliona kwenye picha za zamani: boneti refu, viti viwili, mgongo uliolala kama wa samaki. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wake lita 2.4, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Wazee wetu walikijua sana chombo hiki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari kwa gari la aina hiyo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa aina hiyo hiyo. Mara hiyo ya pili Mehta alifungana pointi na Harry Källström, aliyekuwa pia katika Datsun, ikabidi watafute njia ya kuwatenganisha. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba gari la michezo ni la barabara laini za Ulaya tu, mwambie akasome habari za Safari.

Hili la kwetu halikuwa la mashindano. Lilikuwa la mzee mmoja wa Msambweni, naye aliachiwa na ndugu yake mkubwa alipofariki. Lilikaa miaka chini ya turubai, si mbali na bahari, mpaka mzee alipoamua kuliamsha. Injini iliwaka bila taabu kubwa. Gia ndizo zilizokataa. Akalipeleka katika gereji moja mjini, ambako aliambiwa kwa kifupi, "Mzee, giaboksi imekufa." Bei aliyotajiwa ilimfanya akae kitako. Kuna mtu alikuwa ameshamwahidi kulinunua kwa ajili ya spea, yaani alikate, achukue injini na milango, na akasema angekuja Jumamosi na pikapu. Mzee alifika kwa mjomba siku ya Jumatatu.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mjomba wako yuko? Mwambie nimemletea maiti, nataka tu anithibitishie kwamba imekufa kweli."

Mjomba alitoka chini ya lori akijifuta mikono. Hakufungua boneti wala hakuchukua spana. Aliketi kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, akaanza kuingiza gia moja moja. Kwanza, pili, tatu, nne, tano, rivasi. Zote ziliingia laini kama kisu kwenye papai. Akanitazama. "Umeona?"

Sikuona kitu. Basi hapa ndipo somo linapoanza.

Kwanza tuelewane klachi ni nini. Injini ikiwaka huzunguka wakati wote, hata gari likiwa limesimama. Giaboksi imefungwa nyuma yake. Kama vitu hivi viwili vingeshikana daima, usingeweza kusimama bila kuzima injini, na usingeweza kubadilisha gia bila kuvunja meno. Kwa hivyo katikati pamewekwa kitu cha kuunganisha na kutenganisha. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Linalofuata ni pleti ya klachi, mviringo mwembamba wenye mkwaruzo pande zote mbili, ambao umevaa kwenye mtalimbo unaoingia giaboksi. Nyuma ya pleti kuna presha pleti, yenye springi kali inayoibana pleti kwenye flaiwili. Mguu wako ukiwa juu, springi imebana na vyote vyazunguka pamoja. Ukikanyaga, beringi ya klachi husukuma springi, pleti inaachiwa, injini ikabaki inazunguka peke yake.

Na mguu wako unaifikiaje beringi? Katika gari hili, kwa mafuta. Pedali husukuma pistoni ndogo ndani ya masta silinda, ambayo imefungwa kwenye ukuta kati ya injini na dereva. Mafuta yanapita katika bomba na hosi ya raba hadi kwenye silinda nyingine ndogo iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, mafundi huiita slevu. Slevu ina fimbo inayosukuma uma, na uma ndio unaosukuma beringi. Ni mnyororo mrefu, na pingu yoyote ikilegea, dereva ataona jambo lile lile: gia hazingii.

Turudi kwa mjomba. Aliwasha injini, akakanyaga klachi mpaka chini, akangoja kidogo kama mtu anayehesabu hadi tano, kisha akajaribu rivasi. Kelele iliyotoka iliwafanya kuku wakimbie. Akaizima.

"Injini ikizimwa, gia zote zaingia," alisema. "Ikiwashwa, hakuna hata moja. Sasa giaboksi ina kosa gani? Giaboksi haijui kama injini imewashwa au imezimwa. Anayejua ni klachi."

Mpenzi msomaji, soma tena maneno hayo. Ndiyo kipimo cha kwanza, na hakigharimu hata shilingi. Gia zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, shuku giaboksi au vyuma vinavyounganisha mkono wa gia. Zikiingia injini imezimwa lakini zikalia imewashwa, shuku kwamba klachi haiachii. Kwa nini rivasi hasa? Kwa sababu katika giaboksi nyingi za zamani gia za kwenda mbele zina sinkro, kifaa cha kusawazisha mwendo kabla meno hayajakutana, nacho huweza kuficha ugonjwa wa klachi kwa muda. Rivasi haina sinkro. Rivasi haijui kusema uongo. Na zile sekunde tano ni za kuupa mtalimbo nafasi ya kupoa mwendo. Ukikanyaga na kuingiza rivasi papo hapo, hata gari zima litalia kidogo, ukalisingizia.

Kisha akafanya kipimo cha pili. Alikanyaga pedali mara moja, ikashuka kama inakanyaga uji. Akaipampu haraka haraka mara tatu, nne. Ikapanda, ikawa ngumu kiasi. Akiwa ameishikilia hapo chini, akaingiza gia ya kwanza. Ikaingia! Mzee alisimama wima. Mjomba akabaki amekanyaga vile vile, anangoja, na baada ya kitambo gari likaanza kujisogeza lenyewe mbele polepole, ingawa mguu haukutoka kwenye pedali.

Kupampu kukisaidia, maana yake ni kwamba kuna hewa katika mafuta au raba za silinda zimechakaa. Na ikiwa umeshikilia pedali chini kisha gari linaanza kujivuta, maana yake mafuta yanapenya taratibu kupita raba ya masta na kurudi nyuma. Hatukuwa tumelala chini ya gari hata mara moja, na tayari tulikuwa tumejua pa kutafuta.

Sasa ndipo akaniambia niingie chini. Hapa naomba nitoe onyo, maana najua wasomaji wa gazeti hili wamo wanaopenda kujaribu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Mjomba aliweka vigingi viwili vya chuma na mawe nyuma ya magurudumu, ndipo akaniruhusu. Nikavuta kile kifuniko cha raba mwishoni mwa slevu, yakanitiririkia mafuta mkononi. Ndani ya gari, ukutani juu ya pedali, mlikuwa na michirizi ya mafuta pia, na rangi imebambuka, kwa kuwa mafuta ya breki hula rangi. Basi silinda zote mbili zilikuwa zavuja. Mjomba akapima fimbo ya slevu inavyotembea mtu akikanyaga. Katika magari mengi ya aina hii inatakiwa itembee kiasi cha milimita 12 hadi 15. Hii haikufika hata nusu yake.

Mbona silinda ziharibike gari likiwa limelala tu? Jibu ni pwani yetu. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo hutumika kwenye klachi ya namna hii, hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, ule unyevu huanza kula chuma ndani ya silinda, pakawa na vijidutu vya kutu. Raba ikipita juu ya vijidutu hivyo hukatika kama kanga juu ya seng'enge.

Mjomba alikuwa na kazi ya lori iliyomsubiri. Akaniambia, "Jaza mafuta ya breki pale juu, tutoe hewa, tuone pedali itakavyokuwa kwa leo. Raba mpya nitaziagiza Mombasa kesho." Akanionyesha rafu.

Hapa ndipo nilipojifunza vibaya.

Kwenye rafu palikuwa na chupa yenye nembo ya mafuta ya breki, nusu. Nikamimina. Tukatoa hewa kama kawaida: mimi nikiwa kwenye pedali, mjomba chini. Yeye hufungua nati ndogo ya slevu mimi ninapokanyaga, hufunga kabla sijaachia, na kila baada ya kukanyaga mara kadhaa mtu hutazama kopo la juu lisikauke, maana likikauka hewa huingia tena na kazi huanza upya. Pedali ikawa ngumu. Gia zikaingia zote, hata rivasi, bila kelele. Mzee alishika paa la gari kwa mikono miwili na hakusema neno. Alikwenda nyumbani na matatu ya jioni akiwa na uso mwingine kabisa.

Asubuhi ya Jumatano pedali ilikuwa imelala chini kama mtu aliyechutama. Ukiivuta kwa mkono yapanda, ukiikanyaga haitaki kurudi. Mjomba alifungua kopo, akachovya kidole, akanusa, akasugua kwa kidole gumba. Akaniuliza nilitumia chupa ipi. Nilipomwonyesha alichukua glasi ya maji, akadondoshea matone machache kutoka ile chupa. Yakaelea juu, yakatanda kama mafuta ya mchuzi.

"Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji," alisema. "Haya ni ya usukani. Mtu alijaza chupa tupu."

Kumbe! Raba za klachi na breki za namna hii zimetengenezwa zivumilie mafuta ya breki tu. Zikikutana na mafuta ya injini au ya usukani hunywa na kuvimba, zikaziba ule mlango mdogo ambao mafuta hurudia kwenye kopo. Nilifunua raba ya masta baadaye nikaiona kwa macho yangu, laini na nene kama uyoga. Nilikuwa nimechukua ugonjwa mdogo nikaufanya mkubwa, na Jumamosi ilikuwa imebakia siku tatu.

Mjomba hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alisema tu, "Mzee atakuja leo saa nane. Utamwambia wewe." Nikamwambia. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kilichoharibika chaweza kutengenezwa kabla ya Jumamosi, na mjomba akasema raba zikipatikana kinaweza. Mzee akasema, "Basi nenda Mombasa." Alinisemesha mimi, si mjomba.

Nilivuka Likoni Alhamisi alfajiri nikiwa na silinda zote mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Mjomba alikuwa amenifunza kwamba raba hununuliwa kwa upana wa silinda, na kwamba mara nyingi kipimo kimechongwa kwenye chuma chenyewe kwa sehemu za inchi. Duka la kwanza hawakuwa nazo, la pili walinipa za lori, la tatu mwenye duka alizigeuzageuza silinda, akatabasamu, akasema, "Hizi sijaziona siku nyingi." Alipekua sanduku moja hadi jingine. Nilipata raba za masta, za slevu, na hosi mpya. Hosi ni lazima pia, kwa kuwa nayo ni raba na ilikuwa imekunywa yale yale. Hosi iliyochoka ina hila yake nyingine: huvimba kila unapokanyaga, nguvu ikaishia kwenye tumbo lake badala ya kufika kwenye slevu, na nje haionyeshi kuvuja hata tone.

Tulisafisha kila bomba kwa spiriti, mara mbili, tatu. Mjomba alipitisha sandipepa laini sana ndani ya silinda kuondoa kutu, akatazama kwa tochi. Angekuta mashimo marefu angezitupa, kwa kuwa raba mpya katika silinda yenye mashimo haimalizi mwezi. Hazikuwa mbaya kiasi hicho. Ijumaa adhuhuri pedali ilisimama, na safari hii chupa niliifungua mwenyewe ikiwa na muhuri wake.

Wakati mafuta yanatulia, mjomba alinisimulia kisa cha gari jingine, Mazda MX-5 la nyumba moja ya likizo kule Diani. Mwenyewe alikuwa ng'ambo zaidi ya mwaka. Aliporudi, gia zilikataa kama hizi zetu, lakini pedali yake ilikuwa ngumu na nzuri, hakuna uvujaji, na fimbo ya slevu ilitembea sawasawa. Tatizo lilikuwa wapi? Umeshajua kwamba mnyororo wote wa mafuta ni mzima, basi lililobaki ni ndani. Pleti ilikuwa imeshikana na flaiwili kwa kutu ya hewa ya bahari. Mjomba hakushusha giaboksi. Aliipasha injini moto, akaizima, wakalisukuma gari hadi uwanja mtupu wa mpira asubuhi mapema, akaliwasha likiwa ndani ya gia ya kwanza. Likaondoka kwa kurukaruka. Akiwa amekanyaga klachi mpaka mwisho, akawa anakanyaga mafuta na kuachia, kanyaga na achia, mpaka pakasikika mlio mmoja, pleti ikabanduka. Jambo hili lataka uwanja mpana na fundi mtu mzima, kwa maana gari halisimami kwa klachi, lasimama kwa breki na kwa kuzima ufunguo.

Jioni ya Ijumaa tukatoka kulijaribu, mjomba usukani, mzee pembeni, na mimi nimejikunja nyuma pale pa kuwekea mizigo, jambo ambalo si la kuigwa. Kutoka Ukunda kuelekea Tiwi barabara ni tambarare, na hapo mjomba alipima kitu ambacho hatukuwa tumekifikia: je, klachi inateleza? Aliingia gia ya nne, mwendo wa kilomita kama 50 kwa saa, akakanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ya injini na mshale wa mwendo vilipanda pamoja kama ndugu. Laiti ule wa injini ungeruka juu huku gari likibaki nyuma, na ikasikika harufu ya kitu kilichoungua, klachi ingekuwa inateleza, ama kwa kuchakaa, ama kwa kumwagikiwa oili kutoka kwenye sili ya injini au ya giaboksi. Huanzia kwenye gia kubwa na kwenye milima, ndiyo maana madereva wengi wa huku hugundua kwanza wanapopanda kutoka kwenye feri wakiwa wamejaza abiria. Klachi inayotetemesha gari wakati wa kuondoka nayo yaweza kuwa imepata oili, lakini tazama kwanza raba zinazoshikilia injini, kwani hizo ni rahisi.

Pale Kombani tukakata kushoto kupanda Kwale. Hapo ndipo giaboksi nayo ilipojisemea. Mjomba alipotoka gia ya tatu kurudi ya pili, ikalia: krrr! Mzee akashtuka, "Si hilo tena?"

"Silo, mzee. Subiri."

Akajaribu tena. Tatu kwenda nne, kimya. Nne kwenda tatu, kimya. Tatu kwenda pili, krrr. Ni pili peke yake, tena wakati wa kushuka. Klachi ikiwa mbovu, humsumbua kila mtu nyumbani. Gia moja tu ikilia, basi ni sinkro ya gia hiyo. Sinkro ni pete ya shaba inayosuguana na gia mpaka miendo yao ilingane, na pete ya pili ndiyo huchakaa mapema kwa kuwa ndiyo hufanya kazi nzito zaidi. Kwa hivyo ile gereji ya mjini haikuwa imesema uongo mtupu. Giaboksi ilikuwa na ugonjwa kweli, lakini si ule uliolileta gari.

Mjomba hakuishia hapo. Alisimamisha gari pembeni, injini ikinguruma, gia fri, mguu nje ya klachi. "Wasikia nini?" Nilisikia mlio mwembamba, kama nyuki ndani ya kopo. Akakanyaga klachi, mlio ukapotea. Akaachia, ukarudi. Beringi ya klachi hufanya kinyume, huimba unapoikanyaga. Mlio unaokuja ukiachia na kupotea ukikanyaga ni wa beringi za ndani ya giaboksi, kwa sababu mguu ukiwa juu mtalimbo wake wazunguka, na ukikanyaga wasimama. Halafu kuna jambo lililonipendeza kuliko yote. Tukiwa njiani gia ya tatu ilikuwa na sauti hiyo, ya pili pia, ya tano pia. Gia ya nne ilikuwa kimya. Katika giaboksi ya namna hii nguvu hupita kwenye mtalimbo wa pembeni ambao umebeba gia nyingi, isipokuwa kwenye gia ya nne, ambapo nguvu hupita moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma, nao mtalimbo wa pembeni ukabaki unazunguka bila mzigo. Gia ya nne ikinyamaza na nyingine zikaimba, umeshamtaja mgonjwa kwa jina bila kumfungua.

Tuliporudi alimwaga oili ya giaboksi kwenye karai. Aliitazama juani, akapitisha sumaku. Ilikuwa na vumbi la rangi ya dhahabu, ndiyo shaba ya sinkro, na kwenye sumaku uji mweusi laini. Hakuna vipande wala jino. "Zimechoka, hazijafa," akamwambia mzee. Alijaza oili mpya, na hapa alikuwa mkali kuhusu namba: iwe ile iliyoandikwa GL-4. Ile ya GL-5, ambayo wauzaji wengi watakupa wakidhani kubwa ni bora, ni ya difu, na dawa iliyomo huweza kuila shaba ya sinkro za zamani, tena ni telezi mno kwa pete inayotaka kusuguana.

Kisha akamfundisha mzee dabo klachi, ambayo mzee alisema aliijua ujanani akaisahau. Unakanyaga, unatoa gia hadi fri, unaachia klachi, unapandisha injini kidogo kwa mafuta, unakanyaga tena, ndipo unaingiza gia ya chini. Kwa kufanya hivyo miguu yako inafanya kazi ya ile pete iliyochakaa.

Swali moja liliulizwa nilipolisoma somo hili kikaoni, kwamba mbona mjomba hakushusha giaboksi kabisa ili amalize kazi. Nililipeleka kwake. Alisema kushusha kwa gari la umri ule ni kuvunja bolti zilizoshikwa na kutu, na kwamba atashusha siku pete na beringi zitakapokuwa mkononi, si kabla. Siku hiyo atabadilisha na pleti ya klachi pia, kwa sababu kazi ni ile ile. Aliongeza kwamba vumbi la pleti za zamani lisipulizwe kwa hewa, lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, nayo huharibu mapafu.

Jumamosi mtu wa spea alifika na pikapu yake saa tatu asubuhi. Alikuta karai la oili na alama za magurudumu. Mzee alikuwa ameshaondoka tangu alfajiri, na mtu mmoja wa Gazi alitupigia simu kusema gari jekundu limempita likienda Msambweni, naye aliyekuwa ndani alikuwa anapunga mkono kwa kila mtu.

Pesa za raba na hosi nilizilipa kwa kuosha vyuma mpaka likizo ikaisha. Kazi ya mwisho niliyopewa ilikuwa ya kalamu. Nilizishusha chupa zote za rafuni, nikadondoshea kila moja kwenye glasi ya maji, nikazibandika karatasi nilizoandika kwa herufi kubwa: BREKI NA KLACHI. USUKANI. INJINI. Ile nusu chupa nayo iko pale pale, mjomba hakutaka itupwe. Juu yake aliniamuru niandike jina langu.